Flopi Iliyosamehe Madeni

Kaypro II ilitoka mwaka 1982 kwenye kiwanda cha Solana Beach, California, na wenyewe waliinadi kuwa kompyuta ya kubeba. Aliyebuni tangazo hilo bila shaka alikuwa na mpagazi. Ni boksi la alumini lenye uzito wa kilo 12 hivi, kioo cha inchi 9 chenye maandishi ya kijani, draivu mbili za flopi (zile diski laini za kuhifadhia mafaili) ubavuni mwa kioo, na mkono wa kushikia. Unaweza kusafiri nayo vizuri tu, mradi unakokwenda kuwe na mtu anayejua kukanda mgongo.

Yangu niliinunua kwenye mauzo ya gereji hapa San Diego, si mbali na kilipokuwa kiwanda chenyewe. Mwenye nyumba alinipakilia garini kwa mikono yake, harakaharaka, kabla sijabadili mawazo. Mke wangu alipoikuta sebuleni aliuliza swali moja tu: "Inapika?"

Haipiki. Ila ilikuwa nzima, na ilikuwa na jambo moja lililoninyima usingizi. Flopi ina nyuso mbili na zote zimepakwa sumaku, lakini draivu za Kaypro II zina kichwa kimoja tu cha kusoma na kuandika, kiko chini. Juu yake pana kipande cha kitambaa kinachoikandamiza diski isiyumbe. Treki 40, yaani miduara ya maandishi, kila treki imekatwa sekta 10, kila sekta baiti 512: kilobaiti 200 basi. Uso wa pili unazunguka siku nzima ukipapaswa na kitambaa. Mimi nimekulia Tanga, katika nyumba ambayo daftari la shule liliandikwa mpaka ndani ya jalada, na kuona uso mzima wa flopi ukikaa bure kuliniuma kweli.

Kampuni yenyewe ilikuja kutoa Kaypro 4, yenye draivu za vichwa viwili. Mtu mwenye akili timamu angetafuta ROM ya Kaypro 4, ile chipu yenye programu ya kuwashia mashine, akaichomeka, akaenda zake kulala. Mke wangu alinishauri hivyohivyo, na yeye hata ROM haijui. Nikamwambia hapana, naandika yangu.

Vyuma havikusumbua. Nilifunga draivu za vichwa viwili, na ule waya wa 32 katika utepe wa nyaya 34, unaoiambia draivu itumie kichwa kipi, nikauunga unakotakiwa. Shughuli ilikuwa kwenye programu. Mfumo endeshi wa mashine hizi ni CP/M 2.2, kazi ya Gary Kildall, na uzuri wake ni kwamba hauijui flopi kabisa. Yote ambayo mfumo huo unayajua kuhusu diski yameandikwa kwenye jedwali moja la baiti 15: sekta ngapi kwa treki, bloku (mafungu ya kuhifadhia) za ukubwa gani, bloku ngapi kwa jumla, saraka, yaani orodha ya mafaili, ina nafasi za majina mangapi. Ukiandika uongo kwenye jedwali hilo, CP/M inaupokea kwa mikono miwili. Haichungulii, haiulizi.

Jedwali la asili linasema bloku 195 za kilobaiti moja moja. Nilitaka kuzidisha tu bloku ziwe 395, nikabanwa: kwa bloku za kilobaiti moja CP/M haikubali kuvuka 256. Basi nikafanya bloku za kilobaiti mbili mbili, zikawa 197. Na nikapanga treki 40 za uso wa chini zitangulie, ndipo zifuate 40 za uso wa juu, ili saraka ibaki palepale ilipokuwa zamani na flopi kuukuu zisishtuke.

Hazikushtuka. Zilifanya mengine.

Habari zikamfikia Mzee wetu mmoja wa hapa, naye mtu wa Tanga, aliyewahi kuwa katibu wa chama cha kuzikana cha watu wa nyumbani, miaka ya themanini. Chama sikitaji. Mzee alikuwa na Kaypro yake enzi hizo, akaweka humo hesabu zote, kisha mashine ikafa na flopi zikabaki. Sasa kuna wanachama wa zamani wanaojitia kusahau mambo fulani, naye alitaka kuwakumbusha kwa maandishi.

Wakaja Jumapili, yeye na Mama, na kopo la biskuti limejaa flopi.

"Shikamoo Mzee. Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hii? Yangu ilikuwa safi zaidi."

Akafungua kopo, na hapo nikajua nimekutana na bingwa. Kila flopi alikuwa ameikata pengo la pili ubavuni kwa mkasi wa kucha, na kuitoboa tundu la pili kwa mashine ya kutobolea karatasi, ili aweze kuigeuza na kuandika uso wa pili kwa kichwa kilekile kimoja. "Flopi ilikuwa ghali," akasema. "Sinunui mbili wakati moja ina tumbo na mgongo." Na nyuso za maana alizibandika utepe wa fedha kwenye pengo, maana draivu isipoliona pengo haiandiki. Mzee alikuwa amejipanga.

Nikaingiza ya kwanza, nikaandika DIR, amri ya kuonyesha saraka. Saraka ikatoka yote, haijapungua herufi: BARUA1, BARUA2, MICHANGO, MAZISHI, MADENI.85. Mzee akapiga makofi. Mimi nikatafuta macho ya mke wangu, akawa anaangalia dirishani.

"Nifungulie MADENI," Mzee akasema. "Nianze na yule wa Long Beach."

Nikaifungua kwa WordStar, programu ya kuandikia ya enzi hizo. Kioo kikajaa maandishi ya kijani, na sote wanne tukainama kusoma.

"...na kila nikipita pale maktabani nakiona kiti chako, R wangu, kikiwa kitupu, nami nahisi ni mimi niliyeachwa mtupu. Usiku silali. Mchana chakula hakipiti. Nikubalie niwaandikie wazee wa nyumbani, maana macho yako yale..."

Nyumba ikawa kimya. Mama akafungua mkoba, akatoa miwani, akaivaa taratibu. Jina la Mama halianzi na R. Halina R hata katikati.

"Teremsha, baba," akaniambia.

"Zima hicho kitu," akasema Mzee.

"Asizime mtu. Teremsha."

Nikabonyeza Ctrl na C, ukurasa ukapanda.

"...macho yako yale hayanitoki hata nikiwa Ndugu wa Long Beach, dola 40, ameahidi mwezi ujao. Ndugu wa Inglewood, dola 25, amehama bila kuaga. Ndugu mwenye teksi, dola 60, anasema alishalipa, hana risiti, na midomo yako R inaponitamkia jina..."

Mke wangu alikwenda jikoni. Nilimsikia akicheka kwenye friji.

Kilichotokea ni hesabu tupu. Saraka ya zamani inasema faili linaanzia bloku ya 30, ikimaanisha bloku za kilobaiti moja. Jedwali langu jipya linahesabu kwa mbili mbili, kwa hiyo kichwa kinakwenda ilipokuwa bloku ya 60. Ni sawa na mtu aliyeelekezwa nyumba ya 30 akaruka nyumba moja moja akihesabu: anabisha hodi kwa nguvu zake zote, mlango si wake. Na kwa kuwa Mzee aliyahariri mafaili yake kwa miaka, vipande vilikuwa vimetawanyika kila pembe, ndiyo maana mapenzi na madeni vikapeana zamu. Majina yalikuwa sahihi yote. Yaliyomo ndiyo yaliyohama.

"Mashine hii inatunga," Mzee akamwambia Mama. "Mwambie, mwanangu. Mwambie kwamba inatunga."

Jamani. Kila fundi ana heshima yake. "Mzee wangu, mashine haitungi. Inasoma mahali pasipo pake tu."

"Kwa hiyo hayo maneno yamo?" Mama akauliza.

"Yamo, Mama. Ila si kwenye faili hilo."

Mzee alinitazama kwa jicho ambalo nadhani mwisho kulitumia lilikuwa kwa yule mwenye teksi.

"Mimi," Mama akasema, akivua miwani, "uliniandikia kadi. Ilikuwa na picha ya farasi."

Dawa haikuwa ngumu. CP/M inaruhusu kila draivu iwe na jedwali lake, basi draivu A nikairudishia hesabu ya zamani, draivu B ikabaki na yangu. Jumapili iliyofuata wakarudi. Nilitarajia Mzee aje peke yake, lakini Mama alishuka garini kabla yake.

Safari hii MADENI.85 ilitoka madeni matupu, safu kwa safu, na Mzee akayanakili kwenye daftari huku akiguna. Nikamshauri tuweke nakala ya flopi nzima kwenye flopi mpya ya nyuso mbili, kwa usalama. Flopi mpya sina. Mzee akachakura kwenye kopo, akanipa moja yenye lebo aliyoiandika mwenyewe kwa wino mwekundu: TUPU.

Nataka ieleweke kwamba programu yangu ya kufomati, yaani kufuta flopi na kuipanga upya, ni ya kistaarabu. Kabla ya kugusa chochote inakagua nyuso zote mbili kama kuna kitu. Ikakagua wa chini: tupu. Ikakagua wa juu: tupu. Ikaniuliza kama niendelee, nikamtazama Mzee, Mzee akasema endelea. Ikaanza. Kila treki ni tak moja ya kichwa kikisogea na nukta moja kwenye kioo. Nukta 80, kosa hata moja hakuna. Kisha PIP, programu ya CP/M ya kunakili, ikanakili mafaili yote kutoka A kwenda B, na nafasi ikabaki.

"Mzee, unaona? Flopi moja imemeza nzima na bado ina njaa."

"Hongera. Sasa nitolee ya 86 mpaka 89. Huko ndiko wamo wenyewe hasa."

"Iko flopi ipi?"

Akachakura kopo. Akazigeuza moja moja, tumbo na mgongo. Akaanza upya. Kisha akanyamaza, akainua macho taratibu mpaka kwenye draivu B.

"Iko mgongoni mwa ile tupu," akasema.

Nikaichomoa, nikaigeuza. Kwa penseli, maandishi madogo: MADENI 86–89. Na utepe wa fedha upo palepale kwenye pengo, haujabanduka hata ncha. Draivu hukagua pengo moja tu, la upande inaouona flopi ilivyoingizwa. La ubavu wa pili haina habari nalo. Zamani hilo halikuwa na madhara, maana juu palikuwa na kitambaa, na kitambaa hakiandiki. Sasa pana kichwa.

Na ule ukaguzi wa kistaarabu? Mzee aliuandika uso ule flopi ikiwa imegeuzwa, maana yake diski ilikuwa inazunguka kinyume. Kichwa changu cha juu kilipoupitia kilikutana na maandishi yanayokwenda kinyumenyume, hakikuona mwanzo wa sekta hata moja, kikatoa taarifa kwa uaminifu kwamba hakuna kitu. Hilo hata Kildall mwenyewe asingelipinga.

Nikaiweka kwenye A kichwachini, kwa kutimiza wajibu. Kioo kikajibu:

Bdos Err On A: Bad Sector

"Inasemaje?" Mzee akauliza.

"Inasema wamesamehewa."

Mama ndiye aliyecheka kwanza, na alicheka mpaka akashika meza. Usiku uleule alipiga simu kwa watu anaowajua yeye, na nadhani hakuruka mtu. Kesho yake nikaanza kupokea heshima nisizozizoea. Yule mwenye teksi aliniletea sinia la pilau na kunishika mkono kwa muda mrefu bila kusema neno. Mwingine, ambaye hata simjui, aliniombea dua kwenye simu. Ndugu wa Long Beach peke yake ndiye aliyekasirika, maana deni lake ni la 85, na 85 ilipona. Alinipigia kuuliza kwa sauti ya chini kama flopi hiyo nayo haina hitilafu yoyote inayohitaji kuangaliwa.

Nilikuwa bado najikuna kichwa, akapiga Mzee. Naye alikuwa ananong'ona.

"Mwanangu, ile flopi yenye barua. Una hakika haihitaji kufomatiwa?"

"Si ndiyo hiyohiyo yenye madeni ya 85, Mzee? Yule wa Long Beach je?"

Akafikiri. "Dola 40 ni nini, bwana. Tumsamehe."

Nikamweleza kwamba hata tukiifomati haitasaidia, maana nakala kamili iko kwenye ile ya nyuso mbili, na ile aliondoka nayo Mama mkobani. Mzee akauliza kama kuna mashine nyingine popote inayoweza kuisoma. Nikamwambia hakuna, mpangilio ule ni wangu mwenyewe, hausomeki duniani ila kwenye draivu B ya hapa sebuleni. Akashusha pumzi, akidhani hiyo ni habari njema.

Mama sasa anakuja kila Jumapili na chupa yake ya chai. Mke wangu humwekea mto kwenye kiti na kukaa naye. Wako BARUA2.