Mtoto akilia kanisani, nani atoke naye?

Jumapili iliyopita, misa ya pili, padri alikuwa ameinua hostia, mkate wa Ekaristi, na kengele inalia, mtoto wa benchi la mbele yangu akaangua kilio. Alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake, kengele ikamshtua. Mama hakungoja kuambiwa. Alikaza kitenge, akapita ukutani ameinamisha kichwa, akatoka hadi chini ya mwembe walikokuwa kina mama wengine wanne na watoto wao. Pale spika haisikiki vizuri. Baba wa mtoto alibaki amepiga magoti, mikono ameifumbata, macho kwenye altare.

Suala la watoto wadogo kanisani haliishi katika parokia zetu za Katoliki. Linaibuka kwenye jumuiya, linafika halmashauri ya walei, yaani waamini wasio mapadri, mara nyingine linaingia hadi kwenye matangazo. Wapo wanaosema wabaki nyumbani mpaka waanze kuelewa, na wapo wanaosema kanisani ni kwao tangu siku waliyobatizwa. Mimi niko na hawa wa pili. Hata hivyo wale wa kwanza wana hoja, na si haki kuwasema kwamba hawapendi watoto.

Fikiria muuguzi aliyetoka zamu ya usiku akapitia misa ya asubuhi kabla ya kulala. Fikiria aliyezika juzi. Kwa watu hao misa ndiyo saa pekee ya utulivu katika wiki nzima. Yupo pia mzee mwenye masikio mazito: zikimpita sentensi mbili za mahubiri, hawezi tena kuunganisha. Tena kilio cha mtoto mchanga si sawa na mtoto wa miaka mitano aliyepewa simu yenye katuni, sauti juu, au anayepanda na kushuka ngazi za altare huku wazazi wanamtazama tu. Hilo la pili ni uzembe wa mzazi.

Sheria ya Kanisa nayo haiwabani wadogo. Amri ya kushiriki misa ya Jumapili haimfungi mtoto ambaye hajatimiza miaka 7. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2181, inataja kutunza watoto wachanga kati ya sababu za kweli za kukosa misa, sawa na ugonjwa. Kwa hiyo mama aliyebaki nyumbani na kichanga hana dhambi ya kuungama. Hata Mwongozo wa Misa za Watoto, uliotolewa Roma mwaka 1973, unakubali wadogo sana watunzwe na waamini wengine mahali pa pembeni, kisha waletwe mwisho wa misa wapokee baraka pamoja na jumuiya yote.

Hoja ya “mpaka waelewe” ndiyo inayonishinda kuikubali. Mwaka 1910 Papa Pius X aliishusha Komunyo ya kwanza hadi umri wa miaka 7 hivi, wakati sehemu nyingi watoto walikuwa wakisubirishwa hadi 10, 12 au zaidi. Alitaka mtoto aweze kutofautisha Ekaristi na mkate wa kawaida. Hakudai ufahamu kamili. Na tofauti hiyo mtoto ataijulia wapi kama hajawahi kuwaona watu wazima wakinyamaza na kupiga magoti? Binti yetu mdogo ana miaka mitatu. Huchovya vidole vyote vitano kwenye maji ya baraka, msalaba anaufanya kwa mkono wa kushoto, na kapu la sadaka likipita haruhusu mtu mwingine amtilie ile sarafu. Hakuna aliyemfundisha darasani. Papa Fransisko, akitembelea parokia moja ya Roma Desemba 2014, alisema kilio cha mtoto kanisani ni mahubiri mazuri kuliko yote, na kwamba watoto wasifukuzwe kamwe.

Misa ya watoto tunayo, na naipenda. Wale wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto kanisani, wakicheza wakati wa matoleo, moyo unafurahi. Lakini wengi wetu tunaitumia kama mahali pa kuwaacha: wazazi misa ya kwanza, watoto misa yao, familia haisali pamoja mwaka mzima. Mwongozo ule ule wa 1973 unasema misa hizo ziwaandae watoto kwa misa ya watu wazima, na kwamba kwenye misa ya wote padri awasemeshe watoto moja kwa moja, hata ndani ya mahubiri. Ni mara ngapi tunasikia hivyo? Na kama tunataka wavumilie, tupunguze na sisi. Misa ya saa mbili na nusu ambayo karibu nusu saa yake ni matangazo, michango na mnada wa kuku inawachosha hata watu wazima.

Lakini kinachonikera zaidi ni lile la mwembe. Tunabishana kama mtoto atoke au abaki, na anayetoka naye tayari tumeshamchagua. Mama mwenye watoto watatu waliofuatana anaweza kukaa nje miaka sita au saba. Ile ruhusa ya Katekisimu inageuka kuwa kufukuzwa kimyakimya, na sisi kina baba, mimi nikiwemo, tunaendelea kusali kwa utulivu. Spika moja nje ni jambo la kamati kuamua kwa siku moja. Kupokezana mtoto hakuhitaji hata kamati: baba atoke naye wakati wa masomo na mahubiri, mama apokee zamu baadaye, Jumapili nyingine wabadilishane.

Kwetu tumeanza hivyo tangu Pasaka. Jumapili ya kwanza, tukiwa njiani kurudi, mke wangu aliniambia alikuwa hajasikiliza mahubiri hadi mwisho tangu azaliwe mtoto wetu wa kwanza. Mtoto huyo sasa yuko darasa la Komunyo.