Giza Langu Lilikuwa Zuri Mno

Haya, kwa kuwa yule rafiki yangu (anajijua) amesharekodi sauti ya dakika nne kuhusu usiku wangu kwenye darubini, ikafika hadi kwenye grupu la shangazi zangu, bora niseme mwenyewe. Sikuunguza kitu. Darubini haikuanguka. Mengine yote aliyosema ni kweli.

Tulikuwa Mauna Kea, Hawaii, mita 4,200 juu ya bahari, tunabadilisha jicho la spektromita (chombo cha kuchambua mwanga) ya infraredi. Kwa mnaouliza: infraredi ni mwanga wa joto, na kila chenye uvuguvugu kinawaka, mpaka mashine yenyewe. Ndiyo maana jicho hufungiwa ndani ya chungu cha chuma, hewa ikanyonywa yote, likapozwa kwa nitrojeni ya nyuzi −196. Kupoa tu, siku mbili. Hizo siku mbili zishikeni.

Tukaanza kwa kupima giza, njia ya mwanga ikiwa imezibwa. Jamani, giza lile! Doa hakuna. Nikaweka stetasi: "Kazi imetulia." Mtoto wa Tanga najisifia giza, utadhani sikukulia kwenye mgao wa umeme.

Usiku, mkuu wetu akaelekeza darubini kwa nyota ya Vega. Kwenye kamera ya kuongozea, nyota inawaka kama taa ya bodaboda inayokujia uso kwa uso. Kwenye skrini yangu, giza. Nikapiga sekunde kumi. Giza. Sekunde sitini. Giza lilelile nililolisifia. Watu watano nyuma yangu, hata wa kukohoa hakuna. Mkuu akauliza polepole, "Hata anga halionekani?"

Tumbo likanikata. Anga hung'aa kwenye infraredi, kioo cha darubini nacho hung'aa. Tasnifu yangu ina sura nzima inayosema hivyo. Giza tupu maana yake kuna kitu cha baridi kimekaa mbele ya jicho.

Nikatia mkono mfukoni kutafuta pipi, vidole vikagusa tepe. Kila kifuniko cha kinga huja na utepe mwekundu, ili mjinga asisahau kukitoa. Vifuniko vilikuwa vitatu. Nikahesabu tepe: moja. Mbili. Nikapapasa mfuko wa pili. Nikainama kama nafunga kamba za viatu, nikaangalia chini ya kiti. Mbili. (Msinicheke, hewa ya kule ni asilimia 60 ya hiyo mnayoivuta nyinyi huko pwani.) Nilipoinua kichwa, wote watano walikuwa wanauangalia mkono wangu.

Basi, jicho likapashwa taratibu, likafunguliwa, likafungwa, likapozwa upya, wiki ikaisha. Vega tumeiona, haina neno. Utepe wa tatu umefungwa kwenye kikombe changu cha chai, na si mimi niliyeufunga.

Jana mama kapiga simu. "Mwanangu, nasikia ulisahau kufunua siku mbili. Kwani huo wali ulikuwa wa watu wangapi?"