Upanga wa Kijapani Wenye Jina la Uongo: Lifutwe au Liachwe?

Tuseme mtu amenunua upanga wa kale wa Kijapani. Kwenye msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, pamechongwa jina la Nagasone Kotetsu, mhunzi mashuhuri wa karne ya 17 katika jiji la Edo, Tokyo ya leo. Anaupeleka Tokyo mbele ya jopo la NBTHK, chama kilichoundwa mwaka 1948 kuhifadhi panga za sanaa, na unarudi bila cheti: jina si la kweli. Wajapani huita jina la namna hiyo gimei. Upanga wenyewe hauna ila. Feleji yake ni nzuri, hauna ufa, na mstari wa mawimbi kandokando ya makali umekaa vizuri. Hapo ndipo dalali anapompa shauri: jina lipigwe tupa, kisha upanga urudishwe kwa jopo kama usio na jina.

Shauri hilo si la vichochoroni. Hutolewa na kufuatwa na watu wenye heshima zao katika biashara hii, tena wana hoja.

Vyeti vya NBTHK siku hizi vina ngazi nne: Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Upanga usio na jina unaweza kupewa cheti. Jopo hutazama umbo, nyuzi za chuma zinazoonekana juu ya bapa, mstari wa makali na ncha, kisha huunasibisha na mhunzi fulani au na shule fulani ya uhunzi. Wenye jina la uongo haupewi kitu, hata uwe mzuri vipi. Ukimya husamehewa, uongo hapana. Kwa mnunuzi wa Ulaya au Marekani, ambaye hajashika panga za kutosha kuyaamini macho yake, cheti ndicho kinachopanga bei. Asipokipata, huenda hata gharama ya mnoaji isirudi, maana mnoaji wa Kijapani hupitisha upanga kwenye mawe mengi, kuanzia la kukwaruza hadi laini kabisa, na hulipwa kwa kadiri ya urefu wake.

Juu ya fedha ipo hoja ya uadilifu. Jina la uongo lilichongwa ili kumwibia mtu. Kuliacha ni kumtegea mnunuzi ajaye. Kotetsu mwenyewe, fundi wa deraya aliyegeukia panga akiwa mtu mzima, ameghushiwa hivi kwamba wakusanyaji wana msemo: ukiona Kotetsu, jua si Kotetsu.

Wanaopinga huanzia kwenye msuka wenyewe. Mwili wa upanga hunolewa tena na tena, na kila kunolewa kunapunguza chuma. Msuka hauguswi. Kutu yake nyeusi imejijenga kwa karne nyingi, na chini ya kutu hiyo zimebaki alama za tupa alizoacha mhunzi siku alipomaliza kazi, mwelekeo wa alama hizo ukiwa kitambulisho cha shule yake. Matundu ya vigingi vya mpini nayo yanaeleza upanga umevalishwa mipini mingapi. Ukipitisha tupa pale, umeondoa jina pamoja na ushahidi uliokuwa jirani nalo. Kisha hutaweza kuacha kidonda cha chuma kinachong'aa. Lazima upake dawa ili kutu mpya ifanane na ya zamani. Uongo wa kwanza umeondoka, wa pili umezaliwa, na huu wa pili umetengenezwa makusudi usionekane.

Isitoshe, nani kasema ni uongo? Jopo limetoa maoni ya wataalamu, tena wataalamu wazuri, lakini maoni hubadilika. Vyeti vya zamani vya chama hichohicho vilitiwa doa na kashfa, vingine vikiwa vimetolewa kwa ulegevu na vingine kughushiwa, na mfumo wa sasa ulianza mwaka 1982. Mpaka leo upanga wenye cheti cha zamani tu hutazamwa kwa jicho la shaka. Majina yenyewe nayo hayakutulia. Tadayoshi wa kwanza, mhunzi wa jimbo la Hizen, alibadili jina mwaka 1624 na kuitwa Tadahiro. Kotetsu alibadili mtindo wa kuchonga herufi za jina lake katikati ya kazi yake. Kuna wanafunzi na watoto waliomchongea mwalimu wao jina kwa idhini yake alipozeeka. Huko Osafune, jimbo la Bizen, wahunzi wengi waliitwa Sukesada kwa haki kabisa. Maoni yakibadilika, cheti kipya huandikwa. Jina lililopigwa tupa halirudi.

Halafu kuna jambo ambalo pande zote mbili hupenda kulipita haraka: mila ya Kijapani imeruhusu mkono wa mtu mwingine kuandika jina la mhunzi kwenye chuma. Ukoo wa Hon'ami, waliokuwa wanoaji na wakaguzi wa panga kwa watawala tangu enzi za Muromachi (karne ya 14 hadi ya 16), waliandika kwa dhahabu, kwenye misuka isiyo na jina, mhunzi waliyeamini kuwa ndiye mtengenezaji. Maandishi ya dhahabu ya Hon'ami Kochu, mmoja wao, huongeza thamani leo. Katika mapambo ya upanga ni vivyo hivyo. Ukoo wa Goto, ulioanzishwa na Goto Yujo katika karne ya 15, ulitengeneza mapambo ya mpini kwa shakudo, shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo ikageuka nyeusi kama kunguru. Mafundi wa mwanzo wa ukoo huo hawakuweka majina. Vizazi baadaye Goto Mitsutaka aliandika kwenye kazi za mababu zake kwamba hii ni ya fulani, akaongeza sahihi yake kama shahidi. Hakuna anayetaka kulifuta hilo. Kwa hiyo kosa la gimei si kwamba mkono wa pili umeandika. Kosa ni kwamba mkono huo umejificha.

Kwa maoni yangu, mjadala huu huchosha kwa sababu watu huzungumza kana kwamba misuka yote ni sawa. Panga ndefu za karne ya 13 na 14 zilikatwa baadaye upande wa msuka ili zivaliwe kiunoni kwa mtindo mpya, na jina la asili likaenda na kipande kilichokatwa. Hiyo ni sababu mojawapo ya kazi nyingi zinazokubaliwa kuwa za Masamune, mhunzi anayesifiwa sana Japani, kukosa jina. Mtu akija kuchonga jina kwenye msuka uliokwisha kukatwa hivyo, amechonga kitu ambacho hakikuwapo tangu mkato huo. Hapo tupa inaurudisha upanga katika hali ya kweli, nami sina ugomvi nayo.

Upanga wa enzi ya Edo (1603 hadi 1868) ambao msuka wake ni mzima ni kesi nyingine kabisa. Mhunzi wa wakati ule kwa kawaida aliweka jina. Ukilifuta, unabaki na msuka mzima, wenye nafasi nzuri ya jina, na jina halipo. Mkaguzi yeyote mzoefu ataanza kwa kujiuliza kwa nini. Umebadilisha uongo unaojulikana na kitendawili, na mnunuzi ajaye hataambiwa jibu, kwa sababu aliyefuta hulipia cheti, mara chache sana huhifadhi kumbukumbu ya alichofuta. Heri uongo uliosimama peupe. Wapo hata waghushi waliogeuka historia: Kajihei, wa miaka ya mwisho ya enzi hiyo ya Edo, alichonga majina ya wakubwa kwa ustadi kiasi kwamba leo wataalamu huutambua mkono wake na kuuchunguza kwa makini.

Watetezi wa tupa watasema nadharia hii haimsaidii mtu aliyelipa fedha nyingi na sasa ana upanga usiouzika. Ni kweli, haimsaidii. Lakini hasara ile aliipata siku aliponunua jina badala ya upanga, na tupa haiifuti. Inamsukumia mwingine sehemu yake. Anayeona hana budi kufuta angalau apige chapa ya msuka kwa wino na karatasi kwanza, kama Wajapani wafanyavyo siku zote kwa panga zao, na karatasi hiyo iuzwe pamoja na upanga. Naye mnunuzi akionyeshwa upanga wa Edo wenye msuka mzima na cheti kipya kinachosema hauna jina, aombe picha za msuka huo za kabla ya cheti. Muuzaji asipokuwa nazo, bei ijadiliwe upya.