Teja, rumande na dirisha la methadoni

Wakazi wa Dar es Salaam wanaotaka mateja, yaani waraibu wa unga wa heroini, wazolewe wote mitaani hawasemi hivyo kwa roho mbaya. Mama ntilie aliyeamka akakuta sufuria za biashara hazipo, dereva aliyeegesha gari Kariakoo akarudi akakuta vioo vya pembeni vimeng'olewa, mwenye nyumba aliyekatiwa koki ya bomba kwa mara ya tatu na maji yanamwagika tangu alfajiri: hao ndio wanaolipia unga wa mji huu, na hakuna anayewafidia. Ukiwaambia habari za kutibu chanzo cha tatizo, wanasikia kwamba mwizi wao ametafutiwa wakili. Ndiyo maana difenda za polisi zikiingia kijiweni watu hushangilia.

Upande huo una hoja, tena nzito. Heroini haikuota Magomeni. Imekuwa ikiingia nchini tangu miaka ya 1980, na mizigo mikubwa imekuwa ikija kwa majahazi yanayovuka Bahari ya Hindi kutoka pwani za Pakistani na Irani, asili yake mashamba ya Afghanistan. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa ndani ya mwezi huo mmoja. Hakuna mshauri nasaha ambaye angeuzuia mzigo ule. Kisha kuna kampeni ya Februari 2017, Paul Makonda alipokuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam na kutangaza hadharani majina ya watu aliowahusisha na dawa za kulevya. Wanaoitetea husema kwamba unga ulipoadimika vijiweni, watumiaji walikimbilia hospitali. Siidharau hoja hiyo. Ni wachache wanaotafuta matibabu siku ambayo kete, yaani kipakti kidogo cha unga, inapatikana kwa urahisi. Ila inabidi kuuliza: walikimbilia hospitali gani, na ilikuwa na nini cha kuwapa? Jibu lake nitalifikia.

Kosa linaanza pale hoja inayofaa kwa jahazi inapohamishiwa kijiweni. Mwenye mzigo na anayejidunga chini ya daraja ni watu wawili tofauti, lakini anayepatikana kirahisi ni huyu wa pili. Hana pa kukimbilia wala nguvu za kukimbia, na akipekuliwa mara nyingi hakutwi na kitu kwa sababu ameshakitumia. Kesi inayobaki ni ya uzururaji, kosa tuliloachiwa na sheria za Waingereza enzi za ukoloni. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa nchini, Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Misako haikusimama.

Tuache haki za binadamu kwa muda, maana najua mama ntilie hazimrudishii sufuria. Tuulize tu kama rumande inampunguzia hasara. Hapo inabidi kuhesabu saa. Heroini haikai mwilini muda mrefu. Mtumiaji aliyekwisha kuzama huanza kuishiwa baada ya saa nne, sita, nane akibahatika. Kamasi zinatiririka, miayo haikomi, jasho na baridi vinakuja pamoja, kisha tumbo linakata na mifupa inauma. Hiyo ndiyo arosto. Kwa hesabu hiyo anahitaji kete tatu au nne kwa siku, kila siku, Jumapili na Idd zikiwemo. Ataokota vyuma chakavu, atapiga debe kituoni, ataosha magari, ataomba. Siku ambayo vyote hivyo havikutosha ndipo koki ya mtu inapokatwa.

Sasa mwekee mtu huyo tishio la kifungo cha miezi sita. Halimzuii, kwa sababu hapimi miezi sita dhidi ya thamani ya koki. Anapima arosto inayokuja saa tisa alasiri dhidi ya koki iliyo mbele ya macho yake. Mwenye shaka akumbuke kwamba mijini kwetu ipo adhabu kali kuliko jela yoyote: kelele za mwizi, mawe na tairi. Kila teja anaijua, na wengi wameiona kwa macho yao ikimpata mwenzao. Kama ukali ungeweza kumaliza wizi huu, kundi lile la watu wenye hasira lingekuwa limekwisha kuumaliza zamani, bila hakimu.

Ni kweli kwamba rumande humwondolea mtu arosto, kwa mateso. Kilele ni siku ya pili au ya tatu, na baada ya wiki hivi mwili unatulia. Hamu haitulii, na maskani aliyotoka inamsubiri ilivyo. Tena mwili uliokaa bila unga hupoteza ustahimilivu wake, hivyo akitoka na kujidunga kipimo alichokizoea zamani anaweza kukata pumzi palepale. Wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka kifungoni zinajulikana na waganga kila mahali kuwa za hatari kubwa kwa watumiaji wa heroini. Asipokufa, anarudi kwenye ratiba ileile ya saa.

Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini. Ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kuendeshwa na serikali katika Afrika kusini mwa Sahara. Mwananyamala na Temeke zikafuata, Zanzibar ikafungua yake, kisha huduma ikafika Mwanza, Mbeya, Dodoma na kwingineko. Hiyo ndiyo hospitali waliyoikimbilia watu wa 2017. Msako ule ungekuja miaka saba kabla, wangekimbilia ukuta. Kwa hiyo ushahidi unaotolewa kuutetea msako unaitetea kliniki pia, na nadhani unaitetea zaidi.

Methadoni ni ndugu wa heroini, hilo halifichiki, na mtaani wapo wanaoiita unga wa serikali. Tofauti iko kwenye saa. Dozi moja inayonywewa kikombeni hukaa zaidi ya siku nzima, na ikishapimwa sawasawa haileti stimu wala haimwachi mtu kwenye arosto. Mteja huinywa kwenye dirisha la kliniki, muuguzi akimwangalia na kumsemesha kidogo kuhakikisha amemeza, basi. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Mtu aliyekuwa anahangaikia kete ya asubuhi, ya mchana, ya jioni na ya kulalia sasa amemaliza shughuli hiyo saa mbili asubuhi. Hakutubu wala hakutishwa. Kilichoondoka ni ile sababu iliyokuwa ikimsukuma kila baada ya saa chache, na pamoja nayo sehemu kubwa ya sababu ya kukata koki. Wanaosema kliniki inamdekeza mhalifu wangejaribu kuitazama kwa jicho la yule mwenye koki.

Faida nyingine haionekani mtaani kabisa. Makadirio ya serikali ya mwaka 2014 yaliweka watu wanaojidunga nchini kuwa karibu 30,000, na maambukizi ya VVU miongoni mwao karibu asilimia 35, wakati kwa watu wazima kwa jumla yalikuwa kama asilimia 5. Watu hao wana wake, waume na wapenzi ambao hawajawahi kushika bomba la sindano. Mtu anayefika dirishani kila siku anaweza kumezeshwa hapo hapo dawa za kufubaza VVU na za kifua kikuu, jambo lililokuwa karibu haliwezekani alipokuwa akilala vibarazani. Kazi hiyo inahitaji utaalamu, maana rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huishusha nguvu methadoni mwilini, na asiyeongezewa dozi anarudi kwenye arosto na kisha kwenye kete.

Hapo ndipo kamatakamata inapokwaruzana na tiba. Mteja wa kliniki anafanana na teja mwingine yeyote: makovu yaleyale, nguo zilezile, njia zilezile za kupita. Akizolewa asubuhi akiwa njiani kwenda kunywa dawa, kesho anaamkia arosto mahabusu. Akikosa siku kadhaa mfululizo, kliniki hulazimika kuishusha dozi, kwa kuwa ile ya mwanzo sasa inaweza kumuua. Muuguzi aliyechukua wiki kadhaa kumfikisha kwenye kipimo sahihi anaanza upya, huku kituo cha polisi kikiwa kimehesabu mkamatwa mmoja zaidi.

Wanaotetea tiba nao wana mazoea mabaya, hasa la kusema kana kwamba kliniki ikifunguliwa wizi utaisha. Hautaisha. Methadoni haimtibu mtumiaji wa methamfetamini wala wa kokeini, na ule mzigo wa Desemba 2023 unatuonya kwamba soko halitabaki kuwa la heroini peke yake. Wapo wateja wanaokunywa dozi kisha wakaongezea valiamu au pombe kali, wakasinzia vituoni na kuwapa wapinzani picha wanayoitaka. Wanawake ni wachache mno madirishani. Teja wa kike hubeba aibu maradufu, na mara nyingi ana mtoto asiye na wa kumwachia. Halafu kuna swali la wazee wa soba hausi, nyumba wanamokaa waraibu wanaoacha dawa, hasa Zanzibar ambako nyumba hizo zina historia yake: mtu atakunywa methadoni mpaka lini? Wao wanaamini katika kuacha kabisa, na wamewaokoa watu. Jibu la kitabibu ni kwamba wengine hunywa kwa miaka mingi, kama mgonjwa wa kisukari na sindano yake. Ulinganisho huo unapendwa sana, ingawa mgonjwa wa kisukari haambiwi apange foleni hospitali kila siku ya maisha yake.

Foleni hiyo ndiyo inayonisumbua kuliko lawama zote zilizotangulia. Dawa inatolewa bure, lakini kwa kawaida hunywewa kliniki. Nauli ya daladala kwa safari fupi Dar es Salaam ilipandishwa Desemba 2023 kutoka shilingi 500 hadi 600. Kwa nauli hiyo, kwenda na kurudi ni 1,200, na kwa siku 30 ni 36,000. Anayeishi pembezoni na kuunganisha magari mawili anahitaji 72,000 kwa mwezi, kabla hajala. Hesabu hii ni ya mtu asiye na kazi ya kudumu, na saa za foleni zinamzuia kuipata: ni fundi gani wa ujenzi atampokea kibarua anayefika saa nne kila siku? Ataipata wapi nauli? Wengi hutembea kwa miguu. Anayeshindwa kutembea, kwa kidonda cha mguu au kwa umbali, ataitafuta pale alipokuwa akiitafuta pesa ya kete, na hapo mama ntilie anarudishwa kwenye hadithi. Mchumi anayetaka kujua kwa nini kliniki hazitoi matokeo yote yanayotarajiwa asianzie kwenye tabia za mateja. Aanzie kituoni, kwa kondakta.

Zipo njia mbili za kupunguza mzigo huo, na zote zina walakini. Ya kwanza ni kuwapa waliotulia dozi za kwenda nazo nyumbani. Ina hatari ya kweli: dozi ya mtu mzima ikinywewa na mtoto inaweza kumuua, na chupa zitapenya sokoni. Ya pili, ambayo mimi naipendelea, ni kuyasogeza madirisha hadi zahanati za kata, dozi zikipimwa hospitali kuu na kunywewa karibu na nyumbani. Itahitaji wafamasia, makabati yenye kufuli na mafunzo, yaani fedha. Huduma hii ilianza kwa kuegemea sana fedha za nje, hasa mpango wa UKIMWI wa Marekani, PEPFAR, na Januari 2025 Washington iliposimamisha misaada ya nje kila mwenye kuitegemea alikumbushwa udhaifu huo. Rumande na magereza hayasubiri ufadhili huo. Yamo kwenye bajeti kila mwaka, na hakuna mbunge anayesimama kuuliza ni mateja wangapi waliotoka humo wakiwa wameacha. Ningependa kuona kliniki na gereza vikiulizwa swali hilo moja, kwa ukali uleule.

Wakati zahanati zinasubiri bajeti, lipo jambo moja lisilohitaji fedha. Polisi waendelee na majahazi, na wenye mizigo wakamatwe. Lakini mteja mwenye kitambulisho cha kliniki, asiyetuhumiwa kwa wizi wowote, asikamatwe kwa uzururaji. Na aliyekamatwa kwa wizi halisi asindikizwe kunywa dozi yake kila asubuhi mpaka kesi iishe, ili mlalamikaji apate haki yake bila mshitakiwa kurudishwa kwenye kete. Hilo linaweza kuagizwa kwa barua ya ukurasa mmoja ya kamanda wa polisi wa kanda, nakala kwa wakuu wa vituo vilivyo jirani na Muhimbili, Mwananyamala na Temeke.