Changa la macho lenye pikseli milioni tisa

Limerudi tena lile neno: 4K, yaani picha yenye pikseli (vile vinukta vya rangi) karibu 4,000 kwa upana. Safari hii limebandikwa kwa herufi za dhahabu kwenye boksi la kishikwambi cha inchi 10.1, na tangazo linaapa kwamba hiki ndicho kishikwambi cha kesho. Geuza boksi usome yale maandishi ya ubavuni, ya wino wa kijivu: "hucheza video za 4K." Hucheza! Maana yake chipu inaweza kulifungua faili la 4K, na ikishalifungua inalikamua liingie kwenye kioo chenye pikseli 1280 kwa 800. Mtu kauziwa kikombe kwa bei ya pipa, kwa kuwa kikombe chenyewe kiliwahi kuchotea maji kwenye pipa.

Ujanja wa boksi haunikoseshi usingizi. Biashara ya Kariakoo tunaijua. Kinachokera ni kwamba hata wanaoujua ujanja huo huishia kulalamika kuwa 4K hiyo "si ya kweli", kana kwamba ya kweli ingewafaa. Isingewafaa. Kioo cha 4K halisi kwenye inchi 10 ni mzigo kwa betri, kwa chipu na kwa mfuko, na jicho halina habari nacho.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Jicho zima hutenganisha nukta mbili zikiachana kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Kishikwambi hushikwa kama sentimita 40 kutoka usoni, na kwa umbali huo dakika moja ni milimita 0.116. Gawa 25.4 kwa 0.116, unapata karibu pikseli 218 kwa inchi. Kisogeze mpaka sentimita 30 kama simu, inakuwa 291. Kiweke mezani sentimita 50, inashuka hadi 175. Sasa pima vioo vya inchi 10.1 vilivyoko sokoni: zidisha kila upande kwa wenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, gawa kwa inchi za mshazari. Kile cha 1280 kwa 800 kinatoa 149, cha 1920 kwa 1200 kinatoa 224, cha 2560 kwa 1600 karibu 299. Hiyo 4K ya ndoto, 3840 kwa 2400, inatoa 448. Ni maradufu ya kile ambacho jicho linakihitaji.

Kwamba 149 haitoshi, sibishi. Chukua kitabu cha kiada cha ukubwa wa A4 kilichoskaniwa, maandishi ya pointi 10. Kishikwambi kikisimama wima, kioo kina upana wa milimita 136 tu, kwa hiyo ukurasa unasinyaa hadi asilimia 65 na maandishi yanakuwa pointi 6.5. Herufi ndogo kama "a" inabaki na kimo cha milimita 1.1 hivi. Kwenye pikseli 149 kwa inchi, hiyo "a" imechorwa kwa pikseli sita au saba: tumbo linajaa, "e" inafanana na "c", na mwanafunzi anaanza kukunja uso. Kwenye 224 ni pikseli kumi, na inasomeka bila taabu. Kwenye 448 ni ishirini, na inasomeka vilevile. Ile hatua ya kwanza inalipa kila senti yake. Ya pili inamlipa muuzaji.

Na gharama ya hatua hizi tuliiona mchana kweupe mwaka 2012. iPad 2 ilikuwa na kioo cha 1024 kwa 768 na betri ya wati-saa 25. Ikaja iPad ya tatu, pikseli mara nne, 2048 kwa 1536, picha ya kupendeza kweli. Betri? Wati-saa 42.5. Betri kubwa kwa asilimia 70, na saa za matumizi zilizotangazwa zikabaki zilezile kumi. Uzito ukapanda kutoka gramu 601 hadi 652, unene kutoka milimita 8.8 hadi 9.4, ubao wa nyuma ukawa unapata moto, na chaja ya wati 10 ikawa kama unajaza tangi kwa kijiko. Haikumaliza hata mwaka dukani. Mwishoni mwa 2012 ikapokewa na iPad ya nne.

Umeme ule ulikwenda wapi? Kila pikseli ya LCD, yaani kioo kinachomulikwa na taa za nyuma, ni madirisha matatu, jekundu, kijani na buluu, na kila dirisha lina transista yake, swichi ndogo ya umeme, na nyaya zake pembeni. Ukizidisha pikseli mara nne, kila dirisha linakuwa robo ya lilivyokuwa, ila fremu yake haisinyai kwa kiasi hicho. Mwanga wa taa za nyuma unagonga fremu na kuishia humo. Ili kioo kiwe na mwangaza uleule, huna budi kuongeza taa. Ndiyo maana viwanda vilihamia kwenye transista za IGZO (oksidi ya indiamu, galiamu na zinki), ambazo umeme hupita ndani yake kwa wepesi zaidi ya mara kumi kuliko silikoni ya zamani ya amofasi, isiyo na mpangilio wa fuwele, kwa hiyo transista inaweza kuwa ndogo na dirisha likabaki pana. Kuna pia LTPS, silikoni ya fuwele ndogondogo, yenye kasi kuliko hiyo, ila silikoni yake lazima ichomwe kwa leza, na bei inapanda. Teknolojia hizi zimepunguza maumivu. Hazijafuta fizikia.

Halafu kuna chipu. Picha moja ya 3840 kwa 2400, baiti nne kwa kila pikseli, ni megabaiti karibu 37. Kioo kinaisoma mara 60 kwa sekunde, hiyo ni gigabaiti 2.2 kila sekunde kwa kazi ya kuonyesha tu, kabla hujachora hata kitufe. Kwa 1920 kwa 1200 ni chini ya gigabaiti 0.6. Weka hezi 120, yaani mara 120 kwa sekunde, uzidishe mara mbili. Kwenye kishikwambi chenye RAM ya gigabaiti 4, mpango huo ni kumnunulia punda gari avute.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili, wanaona haya kulisema. Mwaka 2015 Sony walitoa Xperia Z5 Premium, simu ya 4K ya inchi 5.5, zaidi ya pikseli 800 kwa inchi. Muda mwingi simu hiyo ilichora kila kitu kwa pikseli 1920 kwa 1080, na 4K ikawashwa kwenye picha na video pekee. Galaxy S8 ya 2017 ilikuwa na kioo cha 2960 kwa 1440, ikatoka kiwandani imepunguzwa hadi 2220 kwa 1080. Ukitaka pikseli ulizolipia unaingia kwenye mipangilio kuziomba. Na Panasonic walipotengeneza kishikwambi cha kweli cha 4K, kilikuwa cha inchi 20, kilo mbili na ushee, na betri ya kama saa mbili. Kwa mafundi wa michoro ya majengo ni halali yao. Kwa kubebea kwenye daladala, ukitaka kiti cha pili kwa ajili yake, lipa nauli.

Haya, tuje kwenye jua, maana hapa ndipo damu inapochemka.

Kwenye sensa ya Tanzania ya 2022 makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, barazani, chini ya mwembe, kwenye uwanja usio na kivuli, na baadaye vishikwambi hivyo vikagawiwa walimu. Mazingira ya kazi ya kishikwambi kwetu ni hayo: nje, au ndani ya darasa lenye madirisha mapana. Swali la kwanza la kioo chochote cha kesho liwe hili: kinasomeka nje? Na msomekano wa nje hauna uhusiano na wingi wa pikseli. Unategemea vitu viwili: kioo kinatoa niti ngapi (niti ni kipimo cha mwangaza), na kinaakisi asilimia ngapi ya mwanga unaokipiga.

Kila mahali hewa inapokutana na kioo, karibu asilimia 4 ya mwanga inarudi. Vishikwambi vya bei nafuu vina pengo la hewa kati ya tachi, lile bamba la juu unaloligusa, na kioo chenyewe kinachotoa picha. Hesabu nyuso: juu ya tachi, chini ya tachi, juu ya kioo. Tatu, jumla asilimia 12. Sasa simama nje, nyuma yako kuna anga lenye niti 4,000, na hilo ni anga la kawaida, sijautaja ukuta mweupe uliopigwa na jua. Asilimia 12 ya hiyo ni niti 480 zinazokurudia usoni. Kioo chako kinatoa 300. Sehemu nyeupe ya ukurasa ina niti 780, herufi nyeusi ina 480. Uwiano ni 1.6 kwa 1, wakati viwango vya wavuti vinataka maandishi ya kawaida yawe na 4.5 kwa 1. Unajiona ndevu zako vizuri kuliko unavyoiona fomu.

Ongeza mwanga maradufu, niti 600, betri ilie: uwiano unafika 2.25. Sasa uache mwanga kwenye 300 uleule, ila gandisha tachi moja kwa moja juu ya kioo kwa gundi angavu, pengo liondoke. Umebaki na uso mmoja, asilimia 4: uwiano 2.9, bila kuongeza wati hata moja! Paka na utando wa kuzuia kuakisi, ushuke hadi asilimia 1.8 kama ilivyo kwenye iPad za bei ya juu, na uwiano unaruka hadi 5.2. Ukishafika hapo, ongeza niti hadi 600 na unapata zaidi ya 9. Rudia hesabu hii na pikseli 448 kwa inchi, au 4,480 ukipenda. Tarakimu hazitikisiki.

Ndiyo maana inachekesha kuona kwamba iPad Pro ya 2024, yenye kioo cha OLED (pikseli zake huwaka zenyewe, bila taa za nyuma) cha tabaka mbili zinazowaka kwa pamoja, ina pikseli 264 kwa inchi. Ni 264 zilezile za iPad ya tatu ya 2012. Miaka kumi na miwili, na fedha zote zilizomwagwa zikaenda kwenye mwangaza (niti 1,000 kwa kioo kizima), weusi, na wembamba. Wenye maabara walishaamua. Kinachouma ni kwamba kioo cha kukwaruzwa kwa ustadi ili kisiakisi wamekiweka kwenye matoleo yenye hifadhi ya terabaiti 1 na 2 peke yake, kana kwamba jua huwawakia wenye mafaili mengi.

Tena hili lilishawahi kufanywa kwa bei ya watoto. Kompyuta ya XO ya mradi wa OLPC (One Laptop per Child, kompyuta moja kwa kila mtoto), 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 7.5 kilichosanifiwa na Mary Lou Jepsen: ndani kina rangi, na ukitoka juani kinaakisi mwanga wa jua wenyewe na kuonyesha nyeusi na nyeupe, 1200 kwa 900, pikseli 200 kwa inchi. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizozipokea kwa wingi. Kioo kinachozidi kusomeka kadiri jua linavyokaza! Tukakiacha, tukakimbilia 4K.

Nakubali mawili, kwa shingo upande. Anayesoma msahafu wenye irabu zote na alama za waqfu kwa herufi ndogo ataiona tofauti kati ya 224 na 299, na mtoto anayekibandika kishikwambi puani pia. Kwa hao, 2560 kwa 1600, tukomee hapo. La pili ni la fundi: tachi yenye pengo ikipasuka unabadilisha tachi peke yake, kwa bei ya kueleweka. Iliyogandishwa ikipasuka, ama ununue kioo na tachi kwa pamoja, ama umpate mwenye sahani ya moto na waya mwembamba wa kutenganishia, na akikosea kidogo kioo kimekwenda. Nimesikia. Bado nachagua kugandishwa, na pia vumbi na unyevu wa pwani havitapata pa kuingilia.

Ukienda dukani, acha boksi mezani. Dondosha tone dogo la maji, dogo kama kichwa cha pini, juu ya kioo kilichowashwa cheupe. Litafanya kazi ya lenzi na utayaona madirisha ya rangi. Weka rula kando: kwenye 149 sentimita moja ina pikseli karibu 59, kwenye 224 ina 88. Futa haraka lisifike kwenye spika. Punguza mwangaza hadi robo, ukitazame kupitia kamera ya simu. Mistari mizito inayotembea ni taa zinazopepesa, na hizo huweza kuchosha macho. Kisha toka nacho nje ya mlango. Muuzaji akikatalia kisitoke dukani, kizime, kielekeze mlangoni, uhesabu milango unayoiona ndani ya kioo. Ikiwa zaidi ya mmoja, mmoja mkali na mwingine wa kivuli umesogea kidogo pembeni, pengo la hewa limo.