Fettle: kitenzi cha Sheffield kilichonirudisha Ngamiani

Mashine yetu ya kufulia iligoma Jumapili moja ya Novemba, nguo za watoto zikiwa ndani, zimelowa. Mota inaunguruma, lakini pipa halizunguki. Nikapiga simu dukani tulikoinunua. Dhamana ilikuwa imekwisha miezi miwili nyuma. Kijana aliyepokea alinieleza kwa adabu kwamba fundi kufika tu nyumbani, kabla hajagusa kitu, ni karibu nusu ya bei ya mashine mpya. Akanishauri ninunue nyingine, na ile mbovu wangekuja kuichukua wao.

Jirani yangu hapa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, ni mzee aliyepita miaka 80, na alianza kazi kwenye kiwanda cha kusubu chuma akiwa na miaka 15. Nyumbani Tanga ningemwamkia shikamoo kila asubuhi. Yeye huniita "love", kama wanaume wa Sheffield wanavyoitana. Alisikia kisa chetu, akaja na kisanduku chake cha vifaa. Tukailaza mashine ubavu, akafungua bati la nyuma, akanionyesha: mkanda umekatika. Haijafa hii, akasema, inataka ku-fettle tu. Jumanne tukapata mkanda mpya, na hadi leo mashine inafua.

Nimesoma Kiingereza tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu, na kitenzi hicho sikuwahi kukisikia. Nilijua nomino yake peke yake, tena katika msemo mmoja, "in fine fettle", unaosemwa juu ya mtu mwenye siha njema. Kumbe kaskazini mwa Uingereza neno hilo bado linafanya kazi. Ku-fettle ni kutengeneza kilichoharibika, kusafisha, kupanga, kukiweka kitu katika hali yake. Baiskeli hufanyiwa fettle, na jiko, na nyumba nzima siku ya usafi. Kisawe chake katika Kiswahili, naona, ni kutengeneza kwa maana yake ya zamani. Tusisahau kwamba kutengeneza kumetokana na kutengenea, yaani kuwa katika hali nzuri. Kwa hiyo aliyetengeneza redio ameirudisha itengenee.

Kilichonigusa zaidi ni asili yake. Kiingereza cha kale kilikuwa na neno fetel, maana yake mshipi, mkanda. Kufikia karne ya 14 kitenzi kilichotoka humo kilimaanisha kujifunga, kujiweka tayari, kisha kuweka kitu tayari, kisha kukitengeneza. Niliposoma hayo nilimwona marehemu bibi yangu uani, anafunga kanga kiunoni kabla ya kushika mchi. Sisi tunasema kujifunga kibwebwe. Tuna mkaja pia, nguo anayofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua, na ambayo jina lake limebaki katika mahari kama haki ya mama wa bibi harusi. Watu wa Yorkshire, eneo ulipo mji wa Sheffield, na watu wa Tanga hawakuambiana, lakini wote waliona kwamba kazi inaanzia kiunoni. Na mimi mkanda huo niliuona kwa macho yangu nyuma ya mashine ya kufulia.

Mzee wangu hakulijua neno hili kwa kulisoma. Lilikuwa jina la kazi yake: fettler. Chuma kilichoyeyushwa kikimiminwa kwenye kalibu na kupoa, hutoka na vinundu, kingo za ziada na mikia pale kilipopitia. Fettler hukata, huchonga na kusaga mpaka kipande kiwe safi. Ilikuwa kazi ya kelele na vumbi, na vumbi la mchanga wa kalibu limeharibu mapafu ya wengi. Yeye mwenyewe hukohoa akipanda ngazi, na hapendi kulizungumzia hilo. Kule Stoke-on-Trent, mji wa vyombo vya udongo, anayefanya fettle hushika kisu na sponji, akaondoa mistari ya kalibu kwenye kikombe kabla hakijaingia tanuuni. Katika viwanda vya sufu vya Yorkshire fettler alisafisha nyuzi zilizonasa kwenye mashine za kuchambulia.

Kiswahili kina ndugu wa neno hili upande huo pia: kupiga msasa. Msasa ni mti ambao majani yake yanakwaruza, na maseremala waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani kufika. Leo tunapiga msasa hotuba, tunapiga msasa waimbaji wa kwaya, na wengi hawaujui mti wenyewe.

Australia nako fettler ni mtu wa kutunza njia ya reli. Hapo nilinyamaza kidogo, maana babu yangu alikuwa mtu wa genge la reli. Njia ya Tanga ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, na yeye, miongo mingi baadaye, alitembea sehemu yake kila siku akigonga na kukaza. Maisha yake yote aliandikwa kibarua. Kumbe ng'ambo ya bahari kulikuwa na jina kamili la kazi yake.

Kuna matumizi mengine pia. Mzee akikasirika husema atam-fettle mtu fulani, na hapo hakuna ukarabati, ni vile sisi tunavyosema nitakunyoosha. Na Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, watu husalimiana "What fettle?", sawa na kuuliza hali.

Sasa niseme ninaloliamini. Watu wengi nyumbani huniambia Ulaya mmeendelea, kitu kikiharibika mnatupa. Mimi naona tumepoteza. Watoto wangu kitenzi hiki hawakukisikia shuleni, wamekisikia kwa mzee mmoja mwenye kikohozi. Viwanda vilipofungwa, kazi iliondoka, na neno linaifuata. Wenyewe wameanza kushtuka: tangu Julai 2021 sheria hapa inawataka watengenezaji wa mashine za kufulia, majokofu na televisheni wawe na vipuri kwa miaka kadhaa baada ya kuuza. Mwaka 2009 mama mmoja wa Amsterdam, Martine Postma, alianzisha mkutano wa watu kuletea vitu vibovu na kutengenezewa bure huku wakinywa kahawa, na utaratibu huo umeenea nchi nyingi. Mimi hukaa kwenye mkutano wa namna hiyo, ukumbi wa kanisa, nikishikilia tochi, nikajiuliza kwa nini wanasafiri mbali kutafuta kitu ambacho Ngamiani, mtaa wa kwetu Tanga, kipo chini ya mwarobaini.

Sisemi mafundi wetu ni malaika. Nimeambiwa "njoo kesho" wiki tatu mfululizo. Nimewekewa kipuri cha bandia. Hayo yananiuma kwa sababu yanawaponza mafundi waaminifu, ambao tayari tunawadharau. Kijana akienda chuo cha ufundi majirani huuliza alifeli nini. Neno fundi limeshikana na kufundisha na mwanafunzi katika shina moja, nasi tunalitamka kana kwamba ni kazi ya aliyekosa kazi.

Disemba iliyopita nilikuwa Tanga. Feni ya mama ilikuwa inazunguka taratibu kama mtu mgonjwa, hata ukiiweka namba tatu. Mpwa wangu, mwenye miaka 17, akasema, "Mjomba, tununue tu nyingine, za siku hizi ni bei rahisi." Nikamwambia anyanyue, twende. Barabara ya 8 tulimkuta kijana wa rika lake ameketi kwenye kiti kifupi, mbele yake mota tatu anazozisuka upya. Hakuuliza mengi. Akaizungusha kwa kidole, akasikiliza, akatoa kapasita ya zamani, akaweka nyingine, akafuta vumbi la mapanga kwa kitambaa ingawa hatukumwomba, akatia tone la mafuta. Alipochomeka umeme, karatasi za risiti mezani ziliruka.

Mpwa wangu akainama kuziokota. Halafu hakuondoka. Alimuuliza yule kijana kapasita inafanya nini, nami nikaagiza chai tatu kwa mama wa jirani, tukakaa hadi adhana ya alasiri.