Hekalu la Ise, la kale au jipya?
Mwandishi umeandika hekalu la Ise kule Japani ni jengo la miaka 1300, hapo umetupiga kidogo aisee 😂 jengo lenyewe ni la 2013! Wale jamaa kila baada ya miaka 20 wanajenga jipya kiwanja cha pembeni, ramani ileile, wakimaliza wanamhamisha Amaterasu, mungu wao wa jua, usiku gizani, ndo la zamani linabomolewa. Na mbao hazitupwi, nguzo kubwa zinageuzwa mageti pale daraja la Uji, la kuingilia hekaluni. Ila sio kwamba desturi hiyo haijawahi kukatika, enzi za vita walikaa zaidi ya miaka 120 bila kujenga. Mi wananikosha mafundi, kijana anajifunza kwa mzee, akizeeka nae anafundisha. Zamu ijayo 2033.